Kutazama ndege Mida: Siku hupangwa na maji na upepo

HORI ya Mida, iliyo karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, ni miongoni mwa maeneo mashuhuri ya kutazamia ndege wa pwani nchini Kenya. Hori hiyo ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotengwa mwaka 1968.

Msimu wake hasa ni kuanzia Septemba hadi Aprili, wakati ndege wahamiaji kutoka kaskazini wamefika. Anayekuja Januari au Februari hukuta kaskazi ikivuma, na aghalabu huzidi nguvu alasiri. Ndege hao husimama wakiuelekea upepo, kwani ukiwapiga kwa nyuma huwafumua manyoya. Mtazamaji naye huona darubini ikitikisika mikononi.

Hata hivyo, kosa la wageni wengi si kuusahau upepo bali kutoyajua maji. Maji yakipwa kabisa, hasa siku za bamvua, ndege hutawanyika mbali kwenye matope na huonekana kama vitone tu. Afadhali kufika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, kwani hapo husukumwa polepole kuelekea ukingoni. Kwenye mikoko kuna daraja la mbao lenye kibanda cha kutazamia ndege mwishoni. Ada za wageni husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji jirani.

Anayetafutwa zaidi ni ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Huyu huzaliana Oman, Ghuba ya Uajemi na pwani za Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Hakuna jamaa yake mwingine miongoni mwa ndege wa matopeni anayechimba shimo lake la kutagia. Aidha, huwapo sululu, yangeyange na pengine heroe.

Vitwitwi wadogo wenye midomo iliyopinda huvutia kidogo, lakini safari yao ni ndefu sana: hutoka Siberia, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Kufikia Aprili huwa wamegeuka rangi ya kutu na kunenepa kwa mafuta ya safari. Kila wanapofurushwa na mtu anayewasogelea apate picha, au na mbwa, hupoteza chakula na nguvu hizo. Saa maji yamejaa, ndege wanapobanana kupumzika, ndiyo mbaya zaidi ya kuwasumbua.

Kusi ikianza, Mida hupungukiwa na wageni hao. Wakati huo mtazamaji huelekea mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ambako ndege weusiweusi wenye mabawa marefu kutoka Madagaska hutua kwa maelfu kwenye mchanga.