Kukatwa Tumbo ili Kupunguza Uzito: Tulikotoka na Jinsi ya Kuchagua

Kama unasoma mwenyewe, kaa kivulini utulie. Kama unasomewa, msogelee anayesoma, maana leo tuna historia ndefu kidogo, na mwisho wake unakuhusu wewe.

Hapa kwetu Wajir, neno lishe likitajwa, mawazo yetu hukimbilia ukame na mtoto aliyekonda. Ni haki yetu. Tunaukumbuka ukame wa 2011, na ule mrefu wa 2020 hadi 2023. Lakini angalia vizuri nyumba nyingi za mjini. Mtoto anapimwa mkono kwa utepe na kuonekana amekonda, na katika nyumba hiyo hiyo mama yake anameza dawa za sukari na presha, magoti yanamuuma, na akipanda ngazi anahema. Yote mawili ni matatizo ya lishe.

Hili si la Wajir peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09 ulionyesha kuwa robo ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliopita kiasi. Mwaka 2014 walikuwa 33 katika kila 100. Mwaka 2022 walifika 45 katika kila 100.

Imekuwaje? Wengi wetu tulilelewa tukisikia kuwa mwanamke mnene ni dalili ya nyumba yenye maziwa. Lakini ayeeyo zetu waliyanywa maziwa hayo wakihama na ngamia, wakitembea siku nzima na kuvuta maji kisimani kwa mikono. Leo duka liko mlangoni. Chai ina sukari vijiko vitatu, na hunywewa mara nne kwa siku. Wali, pasta, anjera na mafuta viko mezani, na kutembea kumepungua.

Ndipo simu inapolia. Ni ndugu aliye Nairobi, au Uarabuni, au Marekani. Anasema, "Njoo ukatwe tumbo. Fulani amekatwa, sasa amekuwa kama msichana." Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni upasuaji gani huo? Maana uko wa aina nyingi, na kila aina ilizaliwa kwa sababu ya kasoro ya ile iliyotangulia. Ukiijua historia hii, hutadanganywa kwa urahisi.

Mwanzo: Minnesota, miaka ya 1950

Minnesota unaijua. Huko ndiko waliko jamaa zetu wengi waliopitia kambi za Dadaab. Lakini kabla hata hawajafika, mwaka 1953 na 1954 madaktari wa chuo kikuu cha huko walijaribu jambo jipya. Waliuacha mfuko wa chakula jinsi ulivyo, wakaunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake. Sehemu kubwa ya utumbo ikaachwa kando. Chakula kilipita haraka, mwili ukanyonya kidogo, na uzito ukashuka.

Ulishuka, lakini kwa gharama kubwa. Wagonjwa waliharisha mfululizo, walipungukiwa na vitamini, walipata vijiwe vya figo, na baadhi yao ini likaharibika hadi wakafa. Kufikia miaka ya 1980 upasuaji huo uliachwa. Hili ni funzo la kwanza, mama: uzito kushuka si sawa na afya kupanda.

Daktari Mason na baipasi

Katika jimbo jirani la Iowa alikuwako daktari aitwaye Edward Mason. Aligundua kuwa wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walipungua na hawakunenepa tena kwa urahisi. Mwaka 1966 alianza kuwafanyia hivyo watu wanene. Alitenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo, akaiunganisha na utumbo. Ukitaka kuelewa, fikiria barabara ya baipasi: lori halipiti tena katikati ya mji, linazunguka pembeni.

Baipasi ya leo imerekebishwa sana. Kifuko kinachobaki hubeba karibu vijiko vikubwa 2 vya chakula. Tangu miaka ya 1990 hufanywa kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo kwa mshono mrefu. Mwaka 1995 daktari Walter Pories na wenzake wa Marekani walitangaza jambo lililoshangaza wengi: wagonjwa wao wengi wenye kisukari cha ukubwani, sukari yao ilirudi sawa baada ya baipasi. Hata hivyo, kwa baadhi ya watu kisukari hurudi baada ya miaka, hivyo kupimwa hakukomi.

Nchini Italia, mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Nicola Scopinaro alibuni upasuaji wenye nguvu zaidi, unaoukwepa utumbo mrefu kuliko baipasi. Unapunguza uzito kweli kweli, lakini pia ndio unaomwacha mtu na upungufu mkubwa wa protini na vitamini. Mtu aishiye mbali na maabara aufikirie mara mbili.

Mkanda: kazi ya mwana wa wafugaji

Sehemu hii itakupendeza. Mwaka 1993, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, daktari Mitiku Belachew aliweka mkanda wa kubana tumbo kwa njia ya kamera, na akawa wa kwanza kufanya hivyo kwa mkanda unaoweza kukazwa na kulegezwa. Mitiku alizaliwa Ethiopia, jirani zetu hapo, na utotoni alichunga mifugo.

Mkanda hauhitaji kukata tumbo. Huzungushwa sehemu ya juu ya tumbo, na daktari huukaza kwa kuingiza maji ya chumvi kwa sindano chini ya ngozi. Watu waliupenda kwa sababu unaweza kutolewa. Lakini miaka ilipopita kasoro zilionekana. Mkanda huhama, au hula ukuta wa tumbo, na wengi walilazimika kurudi kuutoa. Tena unahitaji kwenda kliniki mara kwa mara kurekebishwa. Kutoka Wajir hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 600. Je, utasafiri mara ngapi kwa mwaka? Leo hospitali nyingi duniani zimeuacha.

Tumbo jembamba kama ndizi

Karibu na mwaka 2000, mjini New York, daktari Michel Gagner alikuwa na wagonjwa wazito mno, ambao upasuaji mrefu ungeweza kuwaua. Akaugawa mara mbili. Kwanza alikata na kutoa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki jembamba kama ndizi. Baadaye angewarudisha kwa hatua ya pili. Baadhi yao walipungua kiasi kwamba hatua ya pili haikuhitajika. Hivyo hatua ya kwanza ikawa upasuaji kamili, na leo ndio unaofanywa zaidi duniani. Bila shaka ndio huo ndugu yako anaouzungumzia kwa simu.

Uzuri wake ni kwamba utumbo hauguswi na kazi yake ni fupi kuliko baipasi. Ubaya wake ni kwamba sehemu iliyokatwa hairudi, na kiungulia huwasumbua wengi. Nchini Finland madaktari waliwafuatilia watu 240, nusu wakifanyiwa baipasi na nusu upasuaji huu wa ndizi. Baada ya miaka 5, waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza asilimia 57 ya uzito wa ziada, na wale wa ndizi asilimia 49. Baada ya miaka 10, koo la chakula lilikuwa limechomwa na asidi kwa 31 katika kila 100 wa upande wa ndizi, na 7 katika kila 100 wa upande wa baipasi.

Sasa wewe utachaguaje?

Kwanza, je, unastahili? Madaktari hutumia kipimo kiitwacho BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Mwaka 1991 ilikubaliwa Marekani kuwa upasuaji ni wa mwenye BMI ya 40, au 35 mwenye ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Kwa mama wa urefu wa mita 1.60, BMI ya 35 ni kama kilo 90. Kama una kilo 72 na unataka tu gauni la harusi likukae vizuri, upasuaji huu si wako.

Pili, una ugonjwa gani? Mwenye kisukari kigumu au kiungulia kikali, mara nyingi baipasi humfaa zaidi. Mwenye makovu mengi ya utumbo, au anayelazimika kumeza dawa kali za maumivu ya viungo, huenda daktari akampendekezea ndizi. Baada ya baipasi, dawa kama ibuprofen na diclofenac huweza kuleta vidonda, na mara nyingi hukatazwa kabisa.

Tatu, utaweza maisha ya baadaye? Hapa ndipo wengi huanguka. Vitamini humezwa maisha yote, hasa baada ya baipasi: madini ya chuma, B12, kalisiamu na vitamini D. Damu hupimwa kila mwaka. Uliza kabla: dawa hizi nitazinunua wapi, na kwa pesa gani? Bima yangu italipa nini? Na baada ya baipasi, ile chai yetu tamu inaweza kukutoa jasho, kuupiga moyo mbio na kukuharisha. Nyama hutafunwa polepole hadi ilainike. Nyirinyiri ya kumeza haraka haraka itakurudi kooni.

Nne, unataka kuzaa? Uzito ukishuka, mimba huingia kwa urahisi kuliko zamani, hata kwa mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba. Lakini madaktari hushauri ungoje miezi 12 hadi 18, ili mtoto asikue katika mwili unaopungukiwa. Baada ya baipasi vidonge vya kupanga uzazi huenda visinyonywe vizuri, kwa hiyo zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine. Kama unanyonyesha sasa, mwambie daktari mapema.

Tano, Ramadhani. Katika miezi ya mwanzo mwili huhitaji maji kidogo kidogo mchana kutwa. Zungumza na daktari na sheikh kabla ya mwezi kuingia, usingoje hadi uanguke.

Mama, upasuaji huu si mauti. Katika vituo vyenye uzoefu hufa mtu 1 hadi 3 katika kila 1,000. Lakini chagua kituo kinachofanya kazi hii kila mara, chenye daktari wa upasuaji, mtaalamu wa lishe na wa kukufuatilia. Ukienda nje ya nchi, usirudi bila barua inayoeleza umefanyiwa nini. Muuguzi wa Habaswein au Griftu hawezi kukisia kilichomo ndani ya tumbo lako.

Na kabla ya kisu, jaribu njia nyingine kwa dhati: punguza sukari, tembea asubuhi kabla jua halijawaka, kula kwa kipimo. Tangu 2021 ziko pia sindano za semaglutide za kupunguza uzito, lakini ni ghali, na ukiziacha uzito hurudi. Zitumie kwa ushauri wa daktari tu, si za kununua kichochoroni. Kwa mtoto mnene, anza na chakula, mchezo na kliniki.

Mambo ya kukumbuka

1. Hakuna upasuaji bora kwa kila mtu. Uko unaomfaa mtu fulani, mwenye ugonjwa fulani, aishiye mahali fulani.
2. Mkanda hutaka safari nyingi. Ndizi hairudishwi. Baipasi hutaka vitamini maisha yote.
3. Baada ya upasuaji, kimbia hospitali ukiona homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kuvimba mguu mmoja au kukosa pumzi.
4. Kutapika kila siku si kawaida. Ukiongezea ganzi miguuni au kuona vitu viwili viwili, ni dharura.

Maswali ya kujadiliana

Katika kikundi chenu, nani anakunywa chai bila sukari, na alianzaje? Mwenzetu akikatwa tumbo, sisi majirani tutamsaidiaje asilazimishwe kula karamuni?

Mama, ndugu yako akipiga simu tena, usimkatalie wala usimkubalie papo hapo. Muulize, "Ni upasuaji gani, na nikirudi Wajir nitafuatiliwa na nani?" Akiwa na jibu, mwende pamoja kwa daktari. Akiwa hana, subiri. Hadi mazungumzo yetu yajayo, kaa salama.