Sukari ndiyo iliyoleta jamu ziwani

Watu wa Sengerema, kando ya Ziwa Viktoria, walijua kuweka akiba ya chakula muda mrefu kabla ya jamu. Viazi vitamu vilikatwa vibichi na kuanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa vikawa matobolwa. Majani ya kunde yalikaushwa yakawa nsansa. Ukwaju ulimenywa, ukakandwa mabonge, na kiangazi kilipokolea maji yake yakatiwa kwenye uji. Akiba yote hiyo ilitegemea jua. Tunda lenye maji mengi, kama zambarau mwitu au pera la porini, halikuwa na bahati hiyo: lililiwa chini ya mti, na lililobaki likaoza palepale.

Kulihifadhi tunda la aina hiyo kulihitaji vitu viwili ambavyo huku havikuwapo: sukari nyingi, na chombo kinachofungwa kisipitishe hewa. Ndiyo maana naamini anayetaka kuijua historia ya jamu kandokando ya ziwa hili aanze na sukari, tunda lije baadaye.

Chombo kilianzia Ufaransa. Nicolas Appert, mpishi na mtengenezaji wa peremende, alikaa zaidi ya miaka kumi akijaza vyakula kwenye chupa, akiziziba na kuzichemsha ndani ya maji. Mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe siri yake kila mtu aisome. Mwaka huohuo, London, Peter Durand alipata hataza ya kutumia makopo ya bati. Appert hakujua kwa nini mbinu yake inafanya kazi. Ilibidi asubiriwe Louis Pasteur, miaka ya 1860, aeleze habari za vijidudu. Mwaka 1858 Mmarekani John Landis Mason akapata hataza ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha kusokota. Ni mwaka huohuo, mwezi Agosti, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika Mwanza na kuliona ziwa kwa mara ya kwanza.

Sukari ilikuja polepole, ikifuata reli na meli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa za pwani zikaanza kuvuka ziwa. Kisha miwa ikapandwa pembeni mwa ziwa lenyewe: kiwanda cha Miwani karibu na Kisumu mwaka 1922, Lugazi cha Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, Kakira cha Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Katikati ya hapo, mwaka 1928, reli kutoka Tabora ikaingia Mwanza. Hata hivyo kijijini sukari iliendelea kuwa ya chai, tena kwa kijiko. Jamu ilikuwa ya kopo, iliyotoka ng'ambo, na mezani kwake walikaa wachache.

Pamba ndiyo iliyobadili mambo. Wakulima walipoungana katika shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, fedha za msimu zilianza kuingia majumbani, na sukari ikanunuliwa kwa kilo. Baada ya uhuru, masomo ya sayansi kimu na madarasa ya akina mama yakaufanya upishi wa jamu kuwa jambo ambalo mwanamke wa Sengerema angeweza kulifanya kwa sufuria yake na kuni zake.

Upishi huo una ujuzi wake, na huku ziwani una jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havikulizingatia. Jamu huganda kwa pektini, asidi na sukari vikikutana kwa vipimo. Pera ambalo halijaiva sana lina pektini ya kutosha. Maji ya ukwaju huongeza ukali. Sukari huwekwa karibu uzito sawa na tunda. Vitabu vinasema ichemke hadi nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Lakini ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Jamu ya Sengerema huwa tayari ikifika kama nyuzi 100. Anayengoja 104 huipitisha, ikawa nzito kama gundi, na ladha ya tunda ikapotea. Mpishi asiye na kipimajoto hudondosha kidogo kwenye sahani baridi na kuisukuma kwa kidole. Ikijikunja juu kama ngozi ya maziwa, anaepua.

Kisha inamiminwa ingali moto kwenye chupa zilizochemshwa, mdomo unafutwa, kifuniko kinakazwa, na chupa zinazamishwa kwenye maji yanayochemka. Usawa wa bahari dakika 5 zinatosha. Kwetu ni 10, kwa sababu ileile ya kimo. Chupa ikipoa kifuniko hubonyea katikati kwa mlio mdogo, na mwenye jiko anajua hewa imetoka. Ukali wa tunda nao ni ulinzi: chakula chenye pH chini ya 4.6 hakiwapi nafasi bakteria wa botulizimu. Matunda matamu zaidi yaongezewe limau au ukwaju, na hilo lisipuuzwe.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na kiwanda cha sukari cha huko kikaporwa na kuharibiwa. Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni na bidhaa adimu, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Nyumba inayopata sukari kwa shida haiwezi kumwaga kilo nzima juu ya mapera. Matunda yalirudi kuoza chini ya miti.

Miti yenyewe nayo ilikuwa ikiisha. Kwa jirani zetu wa Shinyanga, mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, uliozirudisha ngitili, maeneo ambayo mababu waliyahifadhi kwa malisho ya kiangazi. Pamoja na nyasi ikarudi miti ya matunda, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Tabora nako, watafiti na vikundi vya akina mama walisindika ntalali na matunda mengine ya miombo kuwa jamu, juisi na mvinyo. Kazi hiyo inastahili kujulikana zaidi huku kwetu, maana miti mingi iliyotumika tunayo pia.

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika tena, na kilo ikapita shilingi 4,000. Jiko la jamu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuumizwa na bei hiyo. Chupa nazo hutoka mbali. Kiwanda cha Kioo kiko Dar es Salaam. Tangu Juni 2025 mizigo ya Sengerema haisubiri tena kivuko cha Busisi, inapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli. Chupa iliyotumika huoshwa, ikachemshwa na kujazwa upya, ila kifuniko chake kikilegea hakifungi tena, na kifuniko kipya peke yake bado ni shida kukipata dukani.