Kipimo cha mpindo na densiti

Kipimo cha mpindo (pia: fahirisi ya mpindo) ni namba inayopatikana kwa kugawa kasi ya nuru katika ombwe kwa kasi yake ndani ya dutu fulani. Kwa maji namba hiyo ni 1.333, yaani nuru inayosafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde katika ombwe hupita ndani ya maji kwa takriban kilomita 225,000 kwa sekunde. Densiti ni masi ya dutu kwa kila kipimo cha mjao. Vipimo hivi viwili vina uhusiano, lakini si ule unaodhaniwa mara nyingi.

Katika masomo ya fizikia huzoeleka kusema kwamba nuru hupungua kasi inapoingia katika dutu yenye "densiti kubwa ya kioptiki". Maneno hayo yanahusu kipimo cha mpindo tu, hayahusu uzito. Mafuta ya zeituni huelea juu ya maji kwa sababu densiti yake ni takriban gramu 0.91 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali ya maji ni karibu gramu 1. Hata hivyo kipimo cha mpindo cha mafuta hayo ni takriban 1.47, kikubwa kuliko cha maji. Hata kati ya madini ni vivyo hivyo: floraiti (densiti 3.18) ina kipimo cha 1.43, wakati kwatzi iliyo nyepesi zaidi (2.65) ina 1.54.

Sababu iko katika elektroni. Nuru inapopita, uga wake wa umeme huzitikisa elektroni za atomi, nazo hutoa mawimbi yanayochanganyika na yale ya kwanza. Mchanganyiko huo ndio unaosonga polepole. Basi mambo mawili huamua: idadi ya molekuli katika mjao, na jinsi elektroni za kila molekuli zinavyosogezwa kwa urahisi. Densiti inahusu jambo la kwanza tu. Tena masi ya atomi iko karibu yote katika kiini, ambacho hakishiriki sana katika kazi hii.

== Dutu ileile ==

Densiti ya dutu moja ikibadilika, kipimo cha mpindo hubadilika pamoja nayo. Mnamo 1863 Waingereza John Hall Gladstone na Thomas Pelham Dale walieleza kwamba n − 1 hulingana na densiti, ambapo n ni kipimo cha mpindo. Kanuni kamili zaidi inaitwa kwa majina yanayokaribia kufanana ya Ludvig Lorenz wa Denmark (1869) na Hendrik Lorentz wa Uholanzi (1878), ambao kila mmoja aliipata peke yake:

(n² − 1) / (n² + 2) = r × densiti

Herufi r ni namba ya dutu yenyewe. Kwa maji ni takriban 0.206, kwa barafu, yenye kipimo cha 1.31 na densiti ya 0.917, ni 0.210. Mvuke wa maji nao hutoa karibu 0.21, ingawa densiti yake ni ndogo mara mia kadhaa au zaidi.

Katika gesi kanuni hii huonekana kwa macho. Hewa ya moto iliyo juu ya lami ina densiti ndogo kuliko hewa iliyo juu yake, hivyo nuru ya anga hupindwa kuelekea juu kabla ya kugusa barabara, na msafiri huona mazigazi yanayofanana na dimbwi.

== Dutu tofauti ==

Isaac Newton alilinganisha nguvu ya kupinda nuru na densiti katika kitabu chake Opticks (1704). Aliona kwamba mafuta, kafuri na tapentaini hupinda nuru kuliko densiti yao inavyotarajiwa, na almasi ilikuwa pamoja nazo. Akakisia kwamba almasi ni kitu chenye asili ya mafuta kilichoganda. Kisio hilo halikuwa mbali sana na ukweli: baadaye ilithibitishwa kwamba almasi ni kaboni na kwamba inaungua.

Wapimaji wa vito hutumia vipimo vyote viwili kwa sababu kimoja hakitoshi. Almasi (3.52) na tanzanaiti ya Mererani (takriban 3.35) zinakaribiana kwa densiti, lakini vipimo vyao vya mpindo ni 2.42 na 1.69 hadi 1.70. Zirkonia, inayotengenezwa viwandani na kuuzwa badala ya almasi, ina kipimo cha mpindo kidogo kuliko almasi (takriban 2.16), lakini densiti yake inazidi 5.5. Jiwe la zirkonia lenye ukubwa uleule huwa na uzito zaidi ya mara moja na nusu ya almasi, kwa hiyo mizani hulitambua hata likiwa linang'aa vizuri.

Katika maji ya sukari vipimo vyote viwili hupanda pamoja. Myeyusho wenye sukari asilimia 20 una densiti ya 1.08 na kipimo cha mpindo cha 1.364. Ndiyo maana kiasi cha sukari katika maji ya miwa kinaweza kujulikana kwa tone moja tu lililowekwa kwenye rifraktomita.