Hulka Mkekani, Haiba Machoni pa Watu

Kila ikikaribia Juni 21, Siku ya Kimataifa ya Yoga inayoadhimishwa tangu 2015, kurasa za afya hujaa vichwa vya habari kuhusu "aina za haiba na yoga inayokufaa". Hoja yenyewe haina ubishi. Watu hawafanani, na mkao unaomtuliza mmoja humchosha mwenzake. Ubishi uko kwenye neno haiba, lililotwishwa mzigo usio wake, wa kutafsiri "personality" ya Kiingereza, na wanakamati wa istilahi ambao, kwa ushahidi wa kazi yao, hawakusikiliza Waswahili wanavyolitumia.

Asili ya haiba ni Kiarabu, hayba, yaani ile heshima yenye kutia hofu anayoipata mtawala akiingia barazani. Kiswahili kimeilainisha hofu hiyo na kubakiza heshima na mvuto. Bibi harusi ana haiba. Mzee aliyevaa kanzu na joho akapita mtaani ana haiba. Popote neno hili litumikapo, lazima awepo mtazamaji, kwa kuwa mtu hana haiba peke yake gizani. Kwa hiyo "aina za haiba", kwa Kiswahili kinachosemwa majumbani, ni aina za mvuto. Msomaji anayetaka kujua kwa nini hawezi kukaa kimya dakika kumi ameahidiwa jambo moja na kupewa jingine.

Wapo wanaopendekeza "utu" badala ya haiba. Hao wamepotoka zaidi. Kiswahili humwambia mkatili kwamba hana utu. Tukianza kuugawa utu katika aina, tumeanza kupanga madaraja ya ubinadamu.

Neno linalofaa ni hulka. Mzizi wake wa Kiarabu ni kh-l-q, wenye maana ya kuumba, na Kiswahili kimechuma matunda kadhaa kwenye mti huo. Kipo kitenzi cha zamani huluku, yaani kuumba. Ipo halaiki, wingi wa watu, neno ambalo Watanzania hulisikia kila watoto wa halaiki wanapounda maumbo uwanjani siku ya sherehe za taifa. Hulka basi ni namna mtu alivyoumbwa. Tabia imetoka kwenye mzizi mwingine, ule wa kupiga chapa, uliotupa pia matbaa. Katika Kiswahili cha leo tabia hufunzwa, hukemewa na huachwa: mtoto ana tabia ya kuchelewa, akionywa anaacha. Hulka haiachwi kwa kuonywa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuitoa hoja hii mbele ya jopo moja la istilahi, akajibiwa kwamba hulka ni neno la vitabuni. Jibu hilo halikustahili kutolewa na watu wenye dhamana ya lugha. "Ndiyo hulka yake" ni kauli ya kila siku, na asemaye hivyo huwa amekwisha kata tamaa ya kumbadilisha anayesemwa.

Nadharia ya saikolojia yenyewe inaiunga mkono hulka. Mwanasaikolojia Carl Jung, aliyewagawa watu katika wenye kuelekea ndani na wenye kuelekea nje katika kitabu chake cha 1921, aliitenga dhana nyingine akaiita persona, jina la Kilatini la kinyago cha mwigizaji: sura ambayo mtu huivaa mbele ya jamii. Hiyo persona ndiyo haiba. Jung, ambaye mwaka 1925 alifika Mlima Elgon na kuzungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kutafuta maneno kamusini, hakuichanganya sura ya nje na maumbile ya ndani. Sisi wenye lugha tunaichanganya kwa sababu gani?

Wahindi nao walikwisha maliza kazi hii zamani. Kisanskriti kina svabhava, sva ikiwa "ya mwenyewe" na bhava ikiwa "kuwa", na Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, huyafungamanisha matendo ya mtu na svabhava yake. Katika miaka ya 1890 mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda alizieleza njia nne za yoga kwa kufuata maumbile ya watu: karma kwa mtu wa kazi, bhakti kwa mwenye mapenzi makubwa, jnana kwa mwenye kuhoji, na raja kwa mwenye kujichunguza. Weka haiba hapo na mpango wote unaporomoka.

Ili kuiona hulka mkekani, tazama darasa la yoga ya ashtanga la mtindo wa Mysore. Mikeka imebanana, lakini kila mwanafunzi anafuata pumzi yake mwenyewe, na mwalimu anapita kimyakimya akirekebisha bega la huyu na nyonga ya yule. Siku ya darasa la kuongozwa, mwalimu huyohuyo anahesabu kwa sauti kwa Kisanskriti, ekam, dve, trini, yaani moja, mbili, tatu, na wote wanainuka pamoja. Mtu wa kuelekea ndani hustarehe katika darasa la kwanza, ingawa chumba kimejaa. Wanaomwita "mpweke" wamekosea, kwani upweke ni hali ya kukosa watu, naye hakuwakosa.

Kwa matumizi: hulka iko katika ngeli ya I-/ZI-, semeni aina za hulka, mtu wa hulka ya ndani, mtu wa hulka ya nje, na persona ya Jung muiachie haiba.