Ekzosi mpya na shokomzoba ndefu za nyuma: ya kujua kabla fundi hajashika spana

Pikipiki kubwa za safari si ngeni tena Pwani. Mwisho wa wiki utaziona zikishuka kutoka Mariakani, au zikivuka daraja la Nyali kuelekea Kilifi, Watamu na Malindi, mara nyingi zimebeba watu wawili na mabegi ubavuni. Mwenye pikipiki kama hiyo asipokaa nayo sana huanza kutaka mambo mawili: ekzosi yenye sauti nzito na wepesi zaidi, na shokomzoba za nyuma zilizo ndefu ili pikipiki isigote kwenye matuta.

Yote mawili yanawezekana, na yakifanywa vizuri huleta raha ya kweli barabarani. Yakifanywa kwa pupa, pikipiki huharibika polepole, na siku mbaya humwangusha mwenyewe pamoja na aliyempakia.

Anza na kilicho rahisi

Kabla ya kununua shokomzoba, hakikisha tatizo ni urefu. Pikipiki nyingi zinazogota nyuma hazina upungufu wa urefu. Springi imelegezwa, au ni laini mno kwa uzito unaobebwa. Shokomzoba nyingi zina mahali pa kuikaza springi, na kazi hiyo huchukua dakika chache.

Kipimo chake ni hiki. Inua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka kwenye ekseli hadi alama fulani juu yake kwenye bodi. Ishushe, keti kama unavyoketi safarini, na mwenzio apime tena hapo hapo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi ambacho springi imezama. Kwa kawaida hutakiwa iwe kama asilimia 30 ya mwendo wote wa gurudumu: ikiwa gurudumu linaweza kupanda milimita 100, kuzama kwa milimita 30 ni sawa. Rudia ukiwa na abiria na mizigo. Ukikuta umekaza springi hadi mwisho na bado inazama kupita kiasi, unachohitaji ni springi ngumu zaidi. Shokomzoba ndefu yenye springi laini itagota vilevile.

Hata hivyo, kuna pikipiki zilizotolewa kiwandani zikiwa chini nyuma kwa ajili ya umbo. Mfano unaojulikana ni familia ya Harley-Davidson za safari. Modeli kama Street Glide zimetoka na shokomzoba za inchi 12, ilhali ndugu zake waliotengenezwa kwa kubeba abiria na mizigo mingi walipewa za inchi 13. Ndiyo maana wenye Street Glide wengi huhamia inchi 13. Hapo urefu una sababu, kwa kuwa fremu ileile tayari imetumika na kipimo hicho.

Urefu unabadilisha nini

Shokomzoba hupimwa kutoka katikati ya tundu la bolti ya juu hadi katikati ya tundu la bolti ya chini. Kwenye pikipiki yenye shokomzoba mbili zilizofungwa karibu na ekseli, inchi moja ya ziada huinua nyuma kwa karibu inchi moja. Kwenye pikipiki yenye shokomzoba moja katikati, iliyounganishwa kwa vyuma vya kati, hesabu ni nyingine kabisa: milimita 10 za ziada zaweza kuinua gurudumu milimita 20 hadi 30. Aliyezoea aina ya kwanza akiigusa ya pili bila kujua hili, ataipandisha kupita kiasi.

Nyuma ikipanda, mbele huinama. Pikipiki yenye umbali wa mita 1.6 kati ya magurudumu ikipandishwa nyuma milimita 25, pembe ya uma wa mbele husimama zaidi kwa karibu digrii moja. Usukani unakuwa mwepesi kwenye kona, na pikipiki inaweza kulala zaidi bila kukwaruza lami. Lakini katika mwendo wa kasi hupoteza utulivu wake. Kwenye barabara ndefu na nyoofu kama ile ya Mtito Andei hadi Voi, upepo wa lori linalokuja mbele utauhisi zaidi mikononi. Ukiona usukani unatikisika, punguza urefu huo.

Mambo mengine manne hubadilika kimyakimya:

Stendi ya pembeni huwa fupi kwa pikipiki iliyopanda, hivyo italala zaidi ikiegeshwa. Juu ya mchanga au lami iliyolainika kwa jua la mchana, hapo ndipo huanguka.

Taa ya mbele huinama. Irekebishe, la sivyo utamulika tairi lako badala ya barabara.

Mpira wa breki ya nyuma na waya wa sensa huvutika. Hakikisha vina nafasi gurudumu likining'inia kabisa.

Cheni hupoteza kipimo chake cha zamani. Cheni hukaza zaidi pale gia ya mbele, mhimili wa mkono wa gurudumu na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Nyuma ikiinuliwa, pikipiki husimama mbali zaidi na hali hiyo, kwa hiyo ukiikaza cheni kwa kipimo cha kitabu ikiwa imesimama, itakuwa imekaza mno gurudumu likipanda. Beringi ya gia ndiyo itakayolipa. Watu wawili waikalie mpaka vitu hivyo vitatu viwe mstari mmoja, kisha uhakikishe kuwa cheni bado ina ulegevu kidogo.

Kazi ya kufunga shokomzoba

Ondoa mabegi ya pembeni. Tegemeza pikipiki kwenye fremu, si kwenye mkono wa gurudumu, na gurudumu liguse chini kidogo tu bila kubeba uzito. Ikiwa shokomzoba za zamani ni za hewa, toa hewa kwanza. Zilizojazwa gesi zisifunguliwe na mtu asiye na vifaa vyake. Kwa shokomzoba mbili, badilisha moja baada ya nyingine, ili ile iliyobaki ishike gurudumu mahali pake. Zote mbili ziwe za urefu mmoja na ugumu mmoja. Kaza bolti kwa spana ya kupimia, ukifuata kiwango cha kitabu cha pikipiki yako. Baada ya kilomita chache za mwendo wa taratibu, zirudie bolti zote.

Ekzosi: kipande cha mwisho au mfumo mzima?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha bomba la mwisho peke yake, lile la kupunguza sauti. Ya pili ni kung'oa mfumo mzima kuanzia kichwa cha injini, na mara nyingi hapo huondoka pia kichujio cha kemikali kinachosafisha moshi.

Kwa wengi njia ya kwanza inatosha. Tusidanganyane: bomba la mwisho likibadilishwa peke yake, nguvu inayoongezeka ni ndogo. Unachopata ni sauti, uzito uliopungua, na umbo.

Mfumo mzima ni habari nyingine. Injini za sasa hupimiwa mafuta na kompyuta, ambayo husoma moshi kupitia sensa ya oksijeni. Moshi ukitoka kwa wepesi zaidi, na hasa ukiweka pia kichujio cha hewa kilicho wazi, injini huvuta hewa nyingi kuliko mafuta. Itachemka, itasitasita ukivuta, na italipualipua ukiachia mkono. Dawa yake ni kuipanga kompyuta upya, au kwa pikipiki za kabureta, kubadilisha jeti. Gharama hiyo iwe kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Lakini mlipuko ukiachia mkono si lazima uwe upungufu wa mafuta. Huenda kiungo kimoja kinavuja na kuvuta hewa. Kagua viungo kwanza.

Wakati wa kufunga, weka gaskiti mpya. Shika nati zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kuanzia kwenye injini kwenda nyuma, ili bomba likae bila kulazimishwa. Futa alama za vidole na mafuta kabla ya kuwasha, maana zikiungua hazitoki. Waliopanga kubadilisha vyote viwili waanze na shokomzoba, ndipo waone kama bomba jipya litaachana na begi na mkono wa gurudumu pikipiki ikibanwa chini na uzito wote.

Chumvi ya bahari

Kwetu Pwani chuma hakina amani. Bomba la chuma cha kawaida huanza kuoza ndani kwa sababu safari fupi haziupi mvuke nafasi ya kukauka, na nje hewa ya chumvi humalizia. Chuma kisichoshika kutu hugharimu zaidi lakini hudumu. Paka grisi ya kuzuia kugandana kwenye nyuzi za bolti, la sivyo mwaka kesho fundi atazikata kwa msumeno. Osha pikipiki kwa maji matamu ukitoka ufuoni, na ufute ile fimbo inayong'aa ya shokomzoba: ikipata vidonda vya kutu, itachana sili na mafuta yatavuja.

Sheria, majirani na masikio yako

Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kuendesha chombo kinachotoa sauti kubwa isiyo ya kawaida, na zimeweka kikomo cha desibeli 84 chombo kinapoongeza kasi. Ekzosi nyingi za dukani zina kipande cha ndani cha kupunguza sauti kinachoweza kutolewa. Kiache ndani.

Masikio yako pia yamo hatarini. Wataalamu wa afya kazini Marekani huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15, na safari ya Mombasa hadi Malindi peke yake ni zaidi ya saa moja.

Na mitaa yetu ya Mji wa Kale, Majengo na Kisauni imebanana. Ukipita saa saba za usiku, nyumba zote hujua. Wamo watoto, wagonjwa na wenye kuamka alfajiri. Sauti nzito ya wastani humpendeza mwenye pikipiki bila kumuudhi jirani, na inapatikana madukani kwa bei ileile.

Mwisho, iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi kuhusu mabadiliko uliyofanya, na uhifadhi vipuri vya zamani. Utakapotaka kuiuza pikipiki, mnunuzi wa kwanza atakuuliza viko wapi.