Kufuga Si Kulea

Tangu 2014, katika msitu wa Kibwezi, Makueni, karibu na chemchemi za Umani, wanaishi ndovu wachanga waliopoteza mama zao. Waliojeruhiwa vibaya ndio hasa waliotengewa mahali pale penye maji na kivuli. Wenzao wako Ithumba, kaskazini mwa Tsavo Mashariki, ambako mbuga inapakana na Kitui. Huko kazi ilianza 2004. Pote pawili panaendeshwa na shirika la Sheldrick. Ninalowauliza wenzangu tunaoilinda lugha hii ni jambo moja: mahali kama hapo paitweje kwa Kiswahili?

Kuna wanaosema "kituo". Kituo ni cha basi, cha polisi, cha mafuta, cha afya. Neno hilo limebebeshwa mizigo yote ya serikali na mashirika, hata limebaki kumaanisha mahali tu.

Wengi zaidi watasema "bustani ya wanyama". Bustani ni neno zuri mno. Limetoka Uajemi kupitia Uarabuni, na asili yake ni "mahali pa harufu nzuri". Tangu mwanzo, basi, ni mahali palipotengenezwa kwa pua na macho ya mwenyewe na wageni wake. Ua halipandwi ili liondoke. Ndiyo maana bustani ya wanyama inamfaa mnyama aliyewekwa ili atazamwe, na kwa hilo silikatai. Watoto wa shule wa Kitui wanaopelekwa Nairobi kumwona chui kwa mara ya kwanza wanakwenda bustanini, na wanastahili kwenda. Ila ndovu wa Umani hakuwekwa kwa ajili ya macho yetu.

"Zuu" nimelisikia Entebbe na Nairobi. Ni fupi, linatamkika, na halituambii lolote.

"Hifadhi" ni neno la heshima kubwa. Aliyehifadhi Kurani huitwa hafidhi, naye hakuifungia kabatini. Ameiweka moyoni, anaweza kuisoma gizani. Ningependa neno hili libaki na uzito huo, na limebaki nao tunapolitumia kwa ardhi nzima pamoja na miti, maji na wanyama wake. Chyulu ni hifadhi kwa maana hiyo. Hapa niseme jambo linalonikera kila nisomapo ramani: kwa nini tunaandika "Mbuga ya Milima ya Chyulu"? Mbuga ni uwanda, ardhi tambarare yenye nyasi na mara nyingi udongo mweusi unaonasa magari wakati wa masika. Chyulu ni vilima vya volkano. Hifadhi ya Chyulu inatosha, na kila neno linakaa mahali pake.

Sasa tuje kwenye vitenzi, maana humo ndimo mna mgogoro wenyewe.

Magazeti huandika kwamba mnyama fulani "anafugwa" au "amezaliana kifungoni". Kifungo ni cha mfungwa aliyehukumiwa. Ndama wa ndovu aliyeokolewa kisimani amekosa nini? Kufuga nako kuna tabia yake. Tunafuga kuku, mbuzi, nyuki. Tunafuga ndevu na kucha, na mtu mzembe hufuga maradhi. Kila kinachofugwa hubaki na mfugaji, kwa faida yake au kwa hasara yake. Kulea ni kitu kingine. Anayelelewa hulelewa ili siku moja ajitegemee, na mlezi anayemzuia asiondoke huwa ameshindwa na kazi.

Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa shirika la Sheldrick, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ambayo ndama mchanga wa ndovu angeweza kuyastahimili. Maziwa ya ng'ombe yaliwaua. Kilichofaa mwishowe ni maziwa ya unga ya watoto wachanga wa binadamu yaliyotiwa mafuta ya nazi. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba tui la Pwani lina ndugu yake katika chupa ya ndovu. Wanaume wanaowanywesha ndama hao hulala nao zizini usiku, wakawafunika blanketi, wakabadilishana zamu ili ndama asimzoee mtu mmoja akafa kwa majonzi mtu huyo akiondoka. Kazi hiyo ina jina tayari: ulezi. Wenyewe tuwaite walezi, tusiwaite watunza wanyama, kwa kuwa hata ghala hutunzwa.

Napendekeza basi "ulezini" badala ya "kifungoni". Mnyama amezaliwa ulezini, spishi imebaki ulezini. Najua kuna atakayesema ulezi ni wimbi, nafaka ya uji. Kweli, na hakuna atakayedhani ndovu amezaliwa ndani ya wimbi. Pingamizi zito zaidi linatoka Kitui na Makueni kwenyewe, maana kwa Kikamba kulea ni kukataa. Mzee wa Mutomo akisikia kwamba ndovu "wanalelewa" Ithumba anaweza kuusikia mkutano wa mgomo. Nimelitafakari hili sana, na nimeona halilidhuru neno. Ithumba hakuna mtu anayepanga tarehe ya ndovu kuondoka. Huenda malishoni asubuhi, hurudi zizini jioni, mpaka ifike jioni moja anakataa kurudi. Ulezi wa Kiswahili ukifanikiwa huishia kwenye "kulea" kwa Kikamba.

"Yatima" nalo tulitazame. Katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Wanaleksikoni wa Kiarabu wa kale walitofautisha: kwa binadamu uyatima huja kwa kufiwa na baba, kwa wanyama huja kwa kufiwa na mama. Walijua kwamba ndama hana habari na baba yake. Neno letu, kwa hiyo, linamkaa ndovu sawasawa, tusiliguse.

Kuna neno moja ambalo ningependa tuligombee kwa nguvu: "kutoweka". Wanyama walio hatarini kutoweka, tunasema, na sentensi inapita laini. Lakini kitenzi hicho kina umbo la kauli ya kutendeka, kama kuvunjika na kuchanika. Hakina mtenda. Chungu kilivunjika, nani alikivunja hatuambiwi. Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter asafishe vichaka vya Makueni ili watu wapewe makazi, naye akaua karibu vifaru 1,000. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya Makueni ilivyompoteza mbusya, kama Wakamba wanavyomwita. Kusema kwamba vifaru "walitoweka" Makueni ni kuificha bunduki ndani ya sarufi. Waliangamizwa. Kauli ya kutendwa inamwachia msomaji nafasi ya kuuliza "na nani?", na swali hilo lina majibu yenye majina na miaka. Tuseme "wanaoangamizwa" pale mtenda anapojulikana, na "walioadimika" pale tunapotaka kutaja uchache wao tu.

Kwa chura wa Kihansi, Tanzania, "kutoweka" kulileta utata mwingine. Chura huyu mdogo aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko mamoja tu ya Udzungwa. Bwawa la umeme lilipoyapunguza manyunyu hayo, vyura karibu 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata watoto wa watoto wao walirudishwa Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Je, alikuwa ametoweka kweli? Alikuwa ugenini. "Amebaki ulezini" ingeeleza hali yake kwa haki zaidi. Tena ingeipa Bronx sifa inayoistahili: mbele ni bustani ya watazamaji, nyuma ni ulezi.

"Kuhamisha" ni neno la fanicha na watumishi wa umma. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Wote walikufa, na maji yenye chumvi waliyoyakuta huko yakatajwa kuwa chanzo kikuu. Walihamishwa kabla ya kuzoezwa. Neno likitaja gari tu, hata mipango huelekea kuishia kwenye gari. Kuhamisha na kuzoeza viandikwe pamoja, katika sentensi moja, kila mara.

Limebaki jina la kazi ya Ithumba na Umani, ile ya kumwachia mnyama kidogokidogo. Wataalamu wetu husema "kumrejesha porini", kana kwamba ni kifurushi. Kiswahili cha zamani kina kitenzi "kulikiza", ambacho leo kimebaki karibu peke yake ndani ya "likizo". Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, na pia ni kumpa mtu ruhusa ya kwenda zake. Maana zote mbili zinafanyika Ithumba, kwa mnyama yuleyule, na chupa ya maziwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Mulika, ndovu jike aliyelelewa kwa mikono ya watu, alilikizwa hapo, na Desemba 2011 akazaa porini ndama aliyeitwa Mwende, yaani mpendwa kwa Kikamba. Zizi la shirika la Sheldrick huko Nairobi, wanakonyonyeshwa wachanga kabisa, liitwe Ulezi wa Ndovu. Umani na Ithumba ziwe Malikizo.