Mzee aliyeona haya kwa kushinda

Waliokulia mjini miaka ya tisini wanavikumbuka vibanda vya video. Filamu ya Bruce Lee ikiisha, huko nje hakuna mti uliosalimika kwa mateke. Mimi nami nilijiunga na kikundi cha karate mtaani kwetu. Nilidumu miezi mitatu tu. Nilitaka kujua kupiga, mwalimu ananifundisha namna ya kusimama! Nikaondoka kwa hasira. Miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Funakoshi Gichin, ndipo nilipojua kwamba niliondoka kabla somo halijaanza.

Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 huko Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, nchi iliyokuwa na mfalme wake mpaka Japani ilipoimeza mwaka 1879. Alizaliwa kabla ya wakati, na utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa. Alitaka kuwa daktari. Shule ya udaktari haikupokea wanaume wanaofunga nywele utosini kwa desturi ya zamani, na ukoo wake haukukubali zikatwe. Basi ndoto ikafia hapo, akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Karate ilimjia kupitia baba wa mwanafunzi mwenzake, mzee Azato. Enzi hizo haikufundishwa hadharani. Kijana alikwenda kwa mwalimu wake usiku, akafanya mazoezi uani kwa mwanga wa taa, akarudi alfajiri. Majirani waliomwona akinyemelea nyumbani saa zile walikata shauri kwamba anatoka danguroni. Yeye hakujitetea.

Na mazoezi yenyewe yalikuwa nini? Ni kata, si ile kata yetu yenye diwani, bali mfululizo wa mapigo na kujikinga unaofuatana kwa mpango maalumu. Mwalimu ameketi, anatazama. Ukimaliza anasema: rudia. Kesho tena, rudia. Kata tatu ziitwazo Tekki zilimchukua Funakoshi miaka 10. Kwa kijana mwenye damu ya moto hayo ni mateso, tena mateso yasiyo na sifa, kwani hakuna anayekuona wala kukupigia makofi. Nadhani hapo ndipo tabia yake ilipojengwa, katika kurudia jambo lile lile bila kushangiliwa, zaidi ya katika ngumi yenyewe.

Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho ya michezo. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, na nia yake ilikuwa kurudi baada ya siku chache. Lakini Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alimwalika aonyeshe ukumbini kwake, watu wakamwomba abaki, akabaki. Fedha hakuwa nazo. Alipata chumba kidogo katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, na ili aweze kuishi pale alifagia vyumba na bustani. Mpishi alimpunguzia bei ya chakula kwa kufundishwa karate.

Sisi waandishi wa habari tuna letu hapa. Siku moja mwandishi wa gazeti alifika bwenini, akamkuta mzee anafagia, akamuuliza mwalimu Funakoshi yuko wapi. Mzee akamjibu kwa adabu asubiri kidogo, akapanda chumbani, akavaa kimono ya heshima, akashuka kumkaribisha mgeni. Mwenzetu alibaki mdomo wazi. Wangapi kati yetu tumempita mtu tuliyekuwa tukimtafuta kwa sababu ameshika ufagio?

Lakini tusifanye habari hii kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Mke wake alibaki Okinawa. Yeye ndiye aliyeihifadhi nyumba tangu siku za mshahara mdogo wa ualimu, akilima na kufuma, na yeye pia aliijua karate. Alikataa kuhamia Tokyo kwa kuwa hakutaka kuacha mizimu ya ukoo bila wa kuihudumia. Zaidi ya miaka 20 waliishi mbalimbali. Walikutana tena Kyushu vita ilipowafukuza, na mama yule akafariki mwaka 1947. Katika kumbukumbu zake Funakoshi anamsifu kwa heshima kubwa. Mimi husema sifa ni sawa, lakini uvumilivu ule wa mume, mke ndiye aliyeulipia.

Wala mazoezi hayakumfanya kila mwanafunzi kuwa kama mwalimu. Vijana wa chuo kikuu mjini Tokyo walichoshwa na kurudia kata, wakajitengenezea vazi la kinga ili wapigane kweli. Mzee akaacha kwenda kuwafundisha. Vita ilipopamba moto, vijana wengi walikuja kujifunza haraka haraka kabla ya kwenda mstari wa mbele, na wengi hawakurudi. Ukumbi wake uliteketea kwa mabomu mwaka 1945. Mwanawe Yoshitaka, aliyetarajiwa kumrithi, alikufa kwa kifua kikuu.

Kisa ninachokipenda ni cha baada ya hapo. Mzee anakaribia miaka 80, anarudi nyumbani usiku katika Tokyo yenye njaa. Mtu mmoja akamvamia ampige kwa mwavuli. Mzee akainama, mwavuli ukapita hewani, mkono wake ukamkamata jambazi sehemu za siri. Mtu akaugulia pale pale mpaka polisi wa doria alipotokea.

Sisi wa vibanda vya video tungesimulia ushindi huo miaka 10. Funakoshi anaandika kwamba aliona haya. Alikuwa amefundisha maisha yake yote kwamba nguvu hizo si za kutumia watu, na alimfikiria yule mtu kuwa pengine ni askari aliyerudi vitani, hana kazi, ameshikwa na tamaa ya dakika moja. Akamkabidhi kwa polisi, akaenda zake. Alifariki mwaka 1957.